Mbegu ya Kangaga

Bwana Mhariri ameniandikia kuniomba nitie kalamu katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, maana asema wanafunzi wa zamani tumekuwa watu wa kusoma tu na kuhesabu makosa ya vijana. Nimekubali. Ningeweza kueleza habari za mpira, lakini wale niliocheza nao wako hai, na kumbukumbu zao ni nzuri kuliko mchezo wangu. Basi nitaeleza habari ya mmea mmoja usio na ua wala tunda, na ugomvi ulioingia kwetu kwa sababu yake. Ugomvi huo uliwatenga wanawake wawili kwa miaka ishirini na minne, na aliyeuanzisha nilikuwa mimi, ingawa hapakuwa na mtu aliyejua.

Kwetu ni pwani ya kaskazini kabisa ya Cabo Delgado, katika Msumbiji, baina ya Kionga na Palma. Kutoka kwetu hata mdomo wa Ruvuma si mbali, na ng'ambo ya mto ni Tanzania. Ndiyo maana nilipopata umri nilipelekwa kwa mjomba ili nisome upande huu. Kipande kile cha Kionga Wajerumani walikitwaa mwaka 1894, na Wareno wakakitwaa mwaka 1916, lakini wazee wetu waliendelea kulima mpunga na kuvua samaki, bendera ikawa kwao kama nguo ya jirani iliyoanikwa. Kiswahili chetu kimechanganyika na Kimwani na Kimakonde. Wenzangu wa Kidato cha Kwanza watakumbuka jinsi walivyonicheka, nami nimewasamehe wote, isipokuwa wawili.

Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyenilea. Shamba lake la mpunga lilikuwa bondeni, na bonde lile lilishuka polepole hata likafika kwenye mikoko. Baina ya mpunga na mikoko palikuwa na ukanda wa makangaga. Msomaji asidhani nasema yale madogo yanayopandwa katika vyungu na kuwekwa barazani. Kangaga la kwetu hupita urefu wa mtu, na majani yake yamepangika kushoto na kulia kama kuti la mnazi, magumu, yanang'aa. Huota pale maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Watu wakikata mikoko kwa ajili ya boriti, kangaga huja likakaa mahali pale, na likisha kukaa miche ya mikoko hukosa nafasi. Upande wa juu halikuwa na adabu zaidi: kila mwaka lilitaka kupanda kuingia katika majaruba, na kila mwaka tulilikata kwa panga, nalo likachipua tena kutoka katika shina lake lililozama matopeni.

Bibi alikuwa mkulima wa akili. Alikuwa akisema kwamba kila gugu lina mbegu yake, na ukiiwahi mbegu kabla haijaanguka, gugu umelishinda. "Lakini hili," alisema, "tangu niolewe sijaiona mbegu yake. Halitoi ua, halitoi tunda, na kila mwaka lipo." Siku moja, tulipokuwa tumechoka kukata, akatutangazia wajukuu: "Atakayeniletea mbegu ya kangaga nitampa kuku. Na si kifaranga, nitampa tetea."

Tetea kwa mtoto wa miaka kumi na moja ni mali. Nilianza kutafuta siku ile ile. Kwanza nilileta machipukizi, ambayo hutoka yamejikunja kama mkia wa kinyonga, nikadai kwamba ndani yake mna mbegu. Bibi aliyakunjua moja moja kwa vidole, akanionyesha kwamba ni majani tu ambayo hayajaamka. Kisha nilichimba mizizi. Kisha nikavizia usiku, maana binamu yangu alidai ua la kangaga huchanua usiku wa manane, nikarudi na kuumwa na mbu na homa ya siku nne. Jambo moja nililiona, nami nikalipita kama kipofu. Katika majani yaliyokomaa, vile vipande vya juu karibu na ncha huwa vimefunikwa upande wa chini kwa rangi ya kutu, kama vimepakwa udongo mwekundu. Nilisema ni ugonjwa. Wataalamu, kumbe, wameliita kangaga hili kwa rangi hiyo hiyo: Acrostichum aureum, na neno la pili katika Kilatini maana yake ni la dhahabu.

Mwaka ule, 1996, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutoa masuke, mtoto hukaa katika dungu tangu alfajiri mpaka magharibi akipiga kelele na kurusha mawe. Dungu letu lilihitaji paa, na makuti yote yalikuwa yamekwisha kwa kuezekea jiko. Nikaona hakuna haja ya kusumbuka. Upande wa kusini shamba letu lilipakana na shamba la jirani yetu, naye alikuwa ameacha makangaga makubwa yasimame mpakani kwake, maana alisema yanamzuilia maji ya chumvi. Nilikwenda wakati wa adhuhuri, hapana mtu, nikakata mzigo mzima. Nilichagua yale marefu yenye kutu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa magumu. Nilipokuwa nikiyafunga juu ya dungu, vumbi la rangi ya kahawa lilinimwagikia kichwani, shingoni na ndani ya shati, nikapiga chafya hata nikakaribia kuanguka. Jioni bibi aliniuliza kama nimelala juu ya mabati. Baada ya mavuno dungu likaanguka lenyewe juu ya tuta, na hapana aliyejali kuliondoa. Likaozea pale pale, penye kivuli na majimaji.

Mwaka uliofuata hatukuona kitu. Mwaka 1998 makangaga machanga yalikuwa yamejipanga juu ya tuta na katika mfereji wote wa upande ule, ndani kabisa ya shamba letu.

Sasa lazima nimweleze huyo jirani. Yeye na bibi walikuwa wakiitana somo. Walitwanga pamoja, walipeana moto, na mimi nilikula kwake mara nyingi kama nilivyokula kwetu. Siku ile bibi alimwita shambani akamwonyesha, akasema kwa upole, "Somo, makangaga yako yamevuka." Yule akacheka, akajibu, "Yamevukaje, somo? Yana miguu? Kitu kisicho na mbegu hakivuki."

Maneno hayo yalikuwa ya mzaha, lakini bibi aliyachukua nyumbani akalala nayo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa akili, aliyafuata mpaka mwisho wake. Muhogo hauna haja ya mbegu, hupandwa kwa kijiti. Mgomba hupandwa kwa chipukizi, na viazi kwa mashina yake yanayotambaa. Kwa hiyo kitu kisicho na mbegu huvuka, ila hakivuki chenyewe. Huvushwa na mkono wa mtu. Nani basi aliyechimba mizizi ya kangaga na kuipanda katika shamba lake? Na kwa nini iwe upande ule wa mpakani? Alikwisha pata jibu, na kwa bahati mbaya alilisema kisimani mbele ya wanawake wengine. Jirani akaambiwa kabla ndoo hazijajaa.

Tangu siku hiyo hawakuamkiana. Jirani alipomwoza binti yake bibi hakwenda, akakaa nyumbani akichambua mchele usiokuwa na mawe. Mimi nilikatazwa kupita uani kwa yule mama, na nilipokutana naye njiani alinitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Mwaka 1999 nikavuka Ruvuma kuja shule, na katika mwaka 2001, tukiwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa bayolojia akafikia mlango wa mimea isiyokuwa na mbegu. Wanafunzi wa siku hizi wana picha zinazotembea katika simu. Sisi tulikuwa na lenzi mbili, hadubini moja yenye kioo kilichopasuka ukingoni, na mwalimu aliyependa kazi yake. Alituambia tulete majani ya kangaga kutoka mferejini nyuma ya bweni, tuyalaze juu ya karatasi nyeupe, upande wa chini ukielekea karatasi, tuyafunike na kuyaacha mpaka kesho. Asubuhi tulipoyainua, karatasi ilikuwa imechorwa. Kila jani lilikuwa limeacha sura yake kwa vumbi laini la rangi ya kahawa.

Mimi nililitambua vumbi lile kabla mwalimu hajafungua kinywa. Nililijua hata harufu yake shatini.

Mwalimu akatueleza kwamba kila chembe ya vumbi huitwa spora, na spora si mbegu. Mbegu ni mtoto tayari, amelala ndani ya ganda na chakula chake cha safari. Ukipasua kunde utamwona, na mizizi yake midogo na majani yake mawili. Spora haina mtoto ndani yake. Ni seli moja tu yenye ganda gumu. Tulitazama kwa lenzi yale madoa yaliyo chini ya jani, tukaona kwamba kila doa ni kundi la vifuko vidogo, kila kimoja juu ya kikonyo chake. Kifuko kina mkanda wa seli mgongoni. Jua likiukausha, maji yaliyo ndani ya seli hizo hupungua, nao mkanda hujivuta nyuma polepole kama upinde, ukikipasua kifuko. Kisha ghafula maji yaliyobaki hukatika, upinde huachia, na spora hurushwa hewani. Tuliweka jani karibu na taa, tukaona vifuko vikiruka kama ufuta kikaangoni. Katika makangaga ya aina nyingi kila kifuko kina spora 64, na jani moja lina maelfu ya vifuko. Hesabu iliyobaki namwachia msomaji.

Na kangaga kubwa la kwetu, halina madoa. Vifuko vyake vimetanda upande wote wa chini wa vile vipande vya juu, bila nafasi. Ile ndiyo kutu yangu.

Mwalimu akatupa jaribio, na kazi ya kulitunza akanipa mimi, pengine kwa sababu aliniona nimenyamaza. Tulichemsha vipande viwili vya tofali ili kuua kila kilichokuwamo, tukavipoza, tukavinyunyizia vumbi, tukaviweka katika sahani mbili zenye maji kidogo na kuvifunika kwa chupa zilizokatwa. Tofali lilinyonya maji kutoka chini. Baada ya wiki kadhaa juu yake pakawa na utando wa kijani. Kisha utando ukagawanyika, tukaona vijimea bapa, kila kimoja umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kimeshikilia tofali kwa vinywele. Havikufanana na kangaga hata kidogo. Mwenzetu mmoja alisema tumepanda kitu kingine kwa makosa.

Hapo mwalimu akasema neno lililotufanya tucheke. Alisema chini ya moyo ule, upande wa vinywele, hutengenezwa mbegu za kiume, na karibu na lile bonde la juu la moyo hukaa yai. Mwenzetu akanyosha mkono: "Bwana mwalimu, jana ulisema kangaga halina mbegu. Leo lina mbegu za kiume?" Kosa si la mwalimu, ni la lugha yetu, ambayo imetumia neno moja kwa mambo mawili. Lakini hizo za kiume si za kupanda. Ni seli zilizosokotwa, zenye vinywele vingi vya kuogelea, na lazima ziogelee kweli. Pasipo maji juu ya kile kijani kidogo, hata yawe matone ya umande tu, hazifiki kwenye yai. Ndiyo sababu sahani zilikuwa mbili. Moja niliinyunyizia maji ya mvua kwa juu kila asubuhi. Nyingine niliiacha inywe kwa chini tu. Katika ile ya kwanza, kutoka chini ya mioyo, vikachomoza vijani vidogo vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga. Katika ile ya pili mioyo ilikaa kijani, mizima, tasa, mpaka tulipofunga shule.

Nilimweleza mjomba mambo haya, naye akayafahamu upesi kuliko mimi, kwa njia ya majina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Mimi nina jina la babu, na kwa ajili hiyo bibi huniita mume wangu. Baba katikati ana jina jingine. Kangaga nalo ni hivyo: halizai kangaga. Huzaa kile kimoyo bapa, na kimoyo ndicho kinachozaa kangaga, mjukuu akafanana na babu. Yule wa katikati hapana anayemwona. Huishi majimajini kwa muda mfupi, na mtoto wake akisha kusimama yeye hunyauka. Baba yangu alikufa maji nikiwa sijui kutembea, wala hakuacha hata picha moja. Mjomba aliponieleza hayo tulinyamaza wote wawili kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Katika mimea ile midogo inayotanda kama zulia la kijani juu ya mawe ya kisima mambo yamegeuzwa. Ule ukijani tunaoukanyaga ndio wa katikati, na mwanawe ni kile kijiti chembamba chenye kikofia kinachosimama juu yake. Hukaa kwa mama mpaka mwisho wake, akimwaga spora. Mkoko, ambao ni mmea wa maua, umefanya kinyume cha wote. Mtoto wake huota angali mtini, akarefuka kama rungu, na hamwachi mama mpaka aweze kujichoma matopeni mwenyewe. Sijui mahali pengine ambapo mzazi mwenye tahadhari namna hiyo anakaa karibu hivi na mzazi anayemwaga vumbi upeponi.

Sikuwa mjinga peke yangu. Watu wa Ulaya kwa karne nyingi waliamini kwamba kangaga lina mbegu isiyoonekana, na kwamba mtu akiipata naye haonekani. Shakespeare ameligusa jambo hilo katika mchezo wake wa Mfalme Henry wa Nne. Daktari mmoja wa upasuaji huko Jamaica, John Lindsay, alipanda vumbi la kangaga akaona likiota, akatangaza habari zake mwaka 1794. Mwaka 1844 Nägeli akaziona zile seli za kiume zinazoogelea, na mwaka 1848 Mpoland, Leszczyc-Sumiński, akaliona yai. Aliyeyaunganisha yote, ya kangaga na ya mimea ya kisimani, alikuwa Wilhelm Hofmeister katika kitabu chake cha mwaka 1851. Wanafunzi waliokosa nafasi ya chuo na wasome hapa mara mbili: Hofmeister hakuwa na shahada. Alikuwa akiuza vitabu na karatasi za muziki katika duka la baba yake huko Leipzig, naye alifanya uchunguzi wake kabla ya saa za duka. Baadaye, mwaka 1863, Heidelberg ikamfanya profesa.

Na bibi naye hakukosa alipowaza habari za mkono na vijiti. Kuna kangaga linaloelea majini, salvinia, ambalo huenea kwa kukatika vipande tu, kila kipande kikawa mmea. Ukuta wa Kariba ulipofungwa katika Zambezi mwishoni mwa 1958, gugu hilo liliingia ziwani, na katika miaka michache likafunika karibu sehemu moja katika tano ya maji. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989 nao hupandwa kwa vipande vilivyofungwa kwenye kamba. Hata kangaga letu, ukichimba shina lake na kulihamisha, litaota. Bibi alikuwa na hoja nzuri kabisa, ila mtu hakuwa huyo.

Nakiri kwamba kwa siku tatu hivi nilijifariji. Nilijiambia, vumbi huchukuliwa na upepo, shamba la jirani liko kusini, na kusi huvuma miezi mingi; basi makangaga yametoka kwake kweli, na bibi ana haki nusu. Hoja hiyo haina kosa. Lakini kusi lilikuwa likivuma tangu kabla hatujazaliwa, na makangaga hayakuwahi kusimama juu ya lile tuta. Kusi halikujenga dungu. Halikuchagua majani yenye kutu, wala halikuyalaza juu ya udongo wenye maji na kivuli yakaozea hapo.

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimejipanga kusema. Sikusema. Niliogopa, na kila likizo iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilinibidi kueleza pia kwa nini sikusema likizo iliyopita. Kisha nikapata kazi Mtwara, nikaoa, nikawa mtu wa salamu na fedha kidogo kwa mwezi. Kwa namna hiyo miaka ilipita.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia tangu Oktoba 2017, lakini watu wa kwetu walikuwa bado shambani. Bibi, aliyekuwa amepita miaka themanini, alikimbizwa msituni, kisha akapakiwa katika mashua pamoja na wengi wengine mpaka Pemba. Nasema Pemba ya Msumbiji, si ile ya karafuu. Nilipata kumfikia mwaka 2022, kwa kuzunguka mbali kupitia Songea na Lichinga. Nilimkuta kwa jamaa zetu huko Paquitequete, amekaa juu ya mkeka, ananijua kwa sauti kuliko kwa macho. "Mume wangu," alisema, "umechelewa."

Jirani naye alikuwa mtaa ule ule, nyumba ya tatu kutoka pale. Wamefika kwa mashua moja, wamekaa mwaka mzima karibu namna ile, na hawajaamkiana.

Siku ya pili nilikwenda mikokoni, nikakata jani moja la kangaga lenye kutu, nikalilaza juu ya karatasi usiku kama tulivyofundishwa. Asubuhi nikamweleza bibi kila kitu: dungu, shati, tuta, tofali, na miaka yangu ya kunyamaza. Akaitaka karatasi. Akachovya kidole katika vumbi, akalisugua kwa kidole gumba muda mrefu.

"Hii si mbegu," alisema. "Huu ni unga."

Nikamwambia ndivyo, bibi, wenye elimu nao wasema si mbegu.

"Basi kuku sikupi. Mimi nilisema mbegu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliendelea kusugua kidole chake hata vumbi likakwisha. Kisha akasema, "Nenda kamwambie. Sema wewe mwenyewe, nami nitakuja nyuma yako."

Yule mama alikuwa akichambua dagaa mlangoni. Nilichuchumaa nikamwamkia shikamoo, nikasimulia kwa mara ya pili, vibaya kuliko mara ya kwanza. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake. Nilipomaliza akaniuliza, "Na hayo majani ya dungu uliyakata wapi?"

"Kwako, bibi."

"Ulimwomba nani?"

Sikuwa na jibu. Jambo hilo, katika mawazo yangu yote ya miaka ishirini na zaidi, sikuwahi kulifikiria. Bibi alikuwa amekwisha kufika na fimbo yake, akasimama uani, na yule mama akasogeza ungo wa dagaa kuacha nafasi juu ya mkeka. Bibi akaketi. Wakakaa kimya, nami nikaona heri nichambue dagaa.

"Mpunga wako," akasema jirani baadaye, "siku ile tulipokimbia ulikuwa umefika wapi?"

"Ulikuwa umeanza kuinama," akajibu bibi.